Kilomita Moja kwa Wiki

Watu wote wa mtaani walimwita Baba Pasi. Alifanya kazi kwa dobi, nyuma ya kaunta, kwenye meza ndefu ya kupigia pasi. Kutwa nzima alisimama. Kwanza kola, kisha mabega, kisha mikono. Shati moja, dakika nne. Alikuwa amesimama hapo miaka ishirini na sita.

Saa kumi na moja jioni alitoka kazini akarudi nyumbani. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali. Baba Pasi alifungua mlango akasema, "Hodi," kwa mazoea. Kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumwitikia.

Miezi michache baada ya msiba, muuguzi wa zahanati alimpima akakuta presha iko juu. Alimpa dawa. Pia alimwandikisha katika kikundi cha watu wanaoanza kukimbia. Walikutana kwenye uwanja wa shule mara tatu kwa wiki. Walikuwa watu kumi na mmoja, wakiwemo mama muuza vitambaa na seremala mmoja mnene mwenye utani mwingi.

Wiki ya kwanza walikimbia dakika moja, wakatembea dakika mbili, wakarudia. Kila wiki muuguzi aliongeza kidogo. Wiki ya tisa, ambayo ilikuwa ya mwisho, walikimbia dakika thelathini bila kusimama. Hiyo ni kama kilomita nne.

"Zamani mimi nilikuwa nakimbia mvua tu," seremala alisema huku akihema.

Wote wakacheka. Muuguzi akawapa mkono mmoja mmoja. Wakaagana. "Tutaonana," walisema.

Hawakuonana. Jumatatu iliyofuata Baba Pasi alikwenda uwanjani saa ile ile. Hakukuta mtu. Alisubiri kidogo langoni, akitazama njia. Kisha akaanza kukimbia peke yake.

Alimaliza dakika zake thelathini. Angeweza kurudi nyumbani. Lakini aliufikiria ule mlango, akaongeza mzunguko mmoja. Akaongeza mwingine. Siku hiyo alikimbia kilomita saba. Kesho yake akakimbia tena. Hakupumzika siku hata moja. Kifua hakikumsumbua, pumzi ilikuwa nzuri. "Kumbe bado nimo," alijiambia. Siku nyingine kilomita saba, nyingine nane, nyingine tisa. Njia ikirefuka, jioni inakuwa fupi.

Wiki ya pili mguu wa kulia ukaanza kuuma mbele, kwenye mfupa wa muundi. Mwanzoni uliuma akianza kukimbia, kisha ukaacha. Akapuuza. Wiki ya tatu uliuma njia nzima. Mwishowe ukawa unamuuma hata akisimama kazini. Alipiga pasi akiegemea mguu mmoja kama korongo.

Siku moja alikuja mteja wao wa siku nyingi. Alikuwa dada anayetibu viungo katika zahanati. Alifuata makoti yake meupe. Alimwona Baba Pasi akichechemea kuelekea kwenye rafu.

"Baba, mguu una nini?"

"Si kitu, mwanangu. Mazoezi tu."

"Mazoezi gani hayo ya kumlemaza mtu? Hebu keti."

Baba Pasi akaketi juu ya kikapu cha nguo. Yule dada akapiga magoti, akabonyeza muundi polepole kutoka juu hadi chini.

"Panauma mahali pamoja, au eneo refu?"

"Eneo refu."

"Ukilala je? Mguu unauma?"

"Hapana."

"Afadhali. Ungeuma sehemu moja, hata ukiwa umelala, ningeogopa kwamba mfupa umeanza kupata ufa. Hata hivyo, kesho njoo zahanati tukuangalie vizuri. Sasa niambie. Ulipomaliza yale mafunzo ya muuguzi wetu ulikuwa unakimbia kiasi gani?"

"Kilomita nne, mara tatu kwa wiki."

"Jumla kumi na mbili. Na wiki iliyopita?"

Baba Pasi alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Kama hamsini na tano."

Yule dada aliinua macho. "Baba, wewe unakimbia mazoezi, au unaikimbia nyumba?"

Baba Pasi alikunja shati lililokwisha kunjwa. Yule dada akaona amegusa kidonda. Akabadilisha sauti.

"Nikuulize jambo la kazi yako. Ukiletewa kitambaa laini usichokijua, unaanza na moto wa juu?"

"Hapana. Naanza na moto mdogo. Nikiona kinahimili, naongeza."

"Basi na mwili ni hivyo hivyo. Moyo na mapafu huzoea mapema. Ndiyo maana ulijiona kijana. Mifupa na mishipa ya miguu huchelewa. Pumzi inakwambia twende, mguu unakwambia ngoja. Wewe ulisikiliza pumzi peke yake."

"Sasa niache kabisa?"

"Usiache. Pumzika kwanza. Dawa ya presha endelea nayo. Ukiweza kutembea nusu saa kwa siku kadhaa bila maumivu, anza tena kama mtu mgeni. Unakimbia dakika moja, unatembea mbili. Ukirudi kwenye kilomita zako nne, ndipo uongeze. Na katika wiki uirefushe safari moja tu, kwa kilomita moja tu. Zile safari nyingine mbili ziache zilivyo. Katikati weka siku ya kupumzika. Ukishapanda wiki tatu, wiki ya nne shuka kidogo, mwili upate kujijenga."

"Kilomita moja kwa wiki? Huo ni mwendo wa konokono."

"Konokono hajawahi kuletwa kwangu kutibiwa mguu."

Baba Pasi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Na usiongeze kasi pamoja na umbali," dada aliendelea. "Kimbia polepole kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima. Ukikatika maneno, umezidisha."

"Nizungumze na nani? Niko peke yangu."

Dada alichukua makoti yake. "Zungumza na yeyote, baba. Hata asiyekuwepo."

Kesho yake zahanati waliona mfupa hauna ufa. Wiki tatu za kupumzika zilikuwa ngumu kuliko mbio zote. Jioni zilirudi na urefu wake. Baba Pasi aliketi, mguu juu ya kigoda, akasikiliza bomba la jirani likidondoka. Mara mbili alivaa viatu vya kukimbia, akavivua. Kisha akaanza kutembea. Kisha akaanza ile dakika moja na mbili.

Alipofika tena kilomita nne, alikumbuka maneno ya yule dada. Akatazama kushoto na kulia. Njia ilikuwa tupu.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ndogo, akikimbia, "leo wameleta suti ya bwana harusi. Suruali ina mistari miwili. Nani alipiga pasi ile, sijui."

Sentensi zilitoka nzima. Basi mwendo ulikuwa sawa. Akaendelea kumsimulia. Alimwambia bei ya sabuni imepanda na binti yao ana mimba. Aliyasema mambo aliyoyafungia kifuani mwaka mzima. Mara nyingine sauti ilikatika, na haikuwa kwa sababu ya mbio. Hapo alitembea kidogo, akajifuta uso, akaendelea.

Kwenye karatasi ukutani aliandika safari ndefu ya kila wiki. Tano. Sita. Saba. Wiki ya nne akashuka, akakimbia tano. Wiki ya tano saba tena, kisha nane. Siku moja muundi ulimwashia taa ya onyo, ukauma kidogo. Zamani angeukaidi. Sasa alipumzika siku tatu, akarudia kilomita zile zile bila kuongeza. Maumivu hayakurudi. Akafika tisa. Akashuka tena.

Kumi alizikimbia Jumapili asubuhi na mapema. Hakuna aliyempigia makofi. Aliwapita mbwa mmoja na mzee aliyekuwa akifagia mbele ya duka. Alimaliza akiwa bado anaweza kusema sentensi nzima, na miguu yote miwili mizima. Wiki iliyopita muuguzi alikuwa amempima. Presha ilikuwa imeshuka.

Aliketi kwenye ngazi ya mlango wake akampigia simu binti yake.

"Baba, mbona mapema hivi? Kuna tatizo?"

"Hakuna, mama. Nimekimbia kilomita kumi."

"Kumi? Na nani?"

"Peke yangu."

Binti alimjua baba yake. "Hukuchoka na upweke?"

"Upweke upo," alisema Baba Pasi. "Lakini siku hizi nauzoea kama nilivyozoea njia. Kidogo kidogo."

"Na wiki ijayo utakimbia kumi na moja?"

"Wiki ijayo napunguza. Jumapili ijayo nina nafasi. Nilikuwa nauliza kama mpo nyumbani, nije kuwaona."

"Tupo, baba," binti alisema. "Panda basi la asubuhi. Tutakusubiri."