Nyumba Isiyoguswa

Watu wa Kikwe walitoka kwenye mnada wa mavuno kanisani na mikungu ya ndizi mabegani na majogoo kwapani, wakakuta nyumba ya zamani ya Mzee Philemoni imelala chini. Bati lilikuwa juu ya udongo, udongo juu ya miti, na chini ya vyote alikuwa mwenye nyumba.

Mkaguzi Agnela wa upelelezi alifika saa kumi alasiri, Jumapili aliyoiomba mapumziko tangu Pasaka. Alikuwa amechoka uchovu ule usioondoka kwa usingizi, na alijua kwamba mtu akikuambia "ni kazi ndogo tu, afande," ujue umekwisha.

Nguzo ya kona ilikuwa imezungushiwa mnyororo. Upande wa pili mnyororo ulikuwa bado kwenye trekta la jirani, lililosimama katikati ya migomba.

"Haya ni mauaji," alisema Koplo Frederick, aliyependa mafaili yafungwe mapema. "Tazama, mlango wa mbele una kufuli kwa nje. Mwenye trekta kamfungia mzee ndani, kisha kaivuta nyumba."

"Na lile godoro?"

Godoro la marehemu lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kamba. Kando yake palikuwa na beseni la vikombe, na picha ya marehemu mkewe imefungwa ndani ya kanga.

"Alitaka kuiba kwanza."

"Aibe godoro la mzee?"

"Njaa, afande."

Agnela aliinama. Kwenye mfuko wa shati la marehemu alikuta ufunguo, akaujaribu kwenye kufuli, likafunguka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ukielekea nyumba mpya ya matofali ambayo watoto wa mzee, Godbless na Irine, walikuwa wamemjengea baba yao. Kijiji kizima kilijua kwamba mzee aliikataa. Alisema hawezi kuiacha nyumba alimofia mkewe. Agnela alipokwenda kuitazama nyumba hiyo mpya alijikwaa mlangoni kwenye jozi ya mabuti ya mvua, yaliyooshwa vizuri na kupangwa juu ya kipande cha gunia. Alipotoka akajikwaa tena, akalaani kimoyomoyo.

Kufikia magharibi mwenye trekta alikuwa mahabusu. Alikuwa mfugaji aitwaye Sironka, na Jumatatu asubuhi aliketi mbele ya Agnela amejikunyata.

"Jumamosi uligombana na marehemu."

"Tuligombana, mama. Ng'ombe zangu ziliingia kwenye mahindi yake. Akanitukana, na mimi nikamtukana. Jioni akanipa chai."

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Malishoni, kule chini."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe."

Frederick aliandika jibu hilo kwa furaha iliyomkera Agnela.

"Kwa nini trekta lako lilikuwa kwa mzee?"

"Nilikuwa namlimia. Nililiacha pale Jumamosi."

"Na ufunguo wake?"

"Halina ufunguo. Swichi ilikufa zamani. Unagusanisha nyaya chini ya kiti, linawaka."

"Nani anajua hivyo?"

"Mimi. Na Godbless, kijana wa mzee. Ni fundi magari, ndiye aliyeniunganishia." Sironka aliinua uso. "Mama, ng'ombe zangu nani anazinywesha?"

Mkubwa wao alitaka Sironka afikishwe mahakamani Jumatano kwa mauaji. Kesi hiyo haina dhamana, na Agnela alikwisha kuona watu wakiingia rumande wameacha mtoto mchanga nyumbani, wakatoka mtoto anavaa sare za sekondari. Baadhi yao hawakuwa na kosa. Hilo ndilo lililomchosha kuliko kupanda ngazi.

Godbless alipanga chumba mtaa wa Sakina, nyuma ya gereji, pamoja na fundi mwenzake aitwaye Hans. Agnela alimkuta Godbless amekuja kuchukua nguo za msibani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Kazi yangu inanilazimisha kukuuliza ulikuwa wapi jana."

"Hapa hapa, nacheza gemu. Tunacheza kwa mtandao, kundi la watu wanne. Niliingia saa sita, sikutoka mpaka nilipopigiwa simu ya msiba wa baba."

"Gemu gani hiyo ya saa nne nzima?"

Kijana alieleza kwa sauti ya chini. Mnakuwa askari katika nchi ya kubuni, mnazunguka mnakotaka, milimani, mijini, bandarini. Na kila kilichojengwa humo kinabomoleka, iwe daraja, mnara au kibanda.

"Kikibomolewa kinarudi?"

"Hakirudi. Mpaka muanze upya kabisa."

Aliwasha runinga amwonyeshe kumbukumbu za saa alizocheza, na kweli jina lake lilikuwepo tangu saa sita. Kisha picha ya ile nchi ikajaa kwenye kioo. Pembeni mwa barabara ya kilimani palikuwa na rundo la mabati mekundu yaliyopondeka, na moshi mwembamba ukipanda. Godbless alilitazama rundo lile. Kidude cha kuchezea kilimponyoka kikaanguka sakafuni, naye hakuinama kukiokota.

Agnela alidhani ni uchungu wa msiba. Alimpa pole tena, akaondoka.

"Huyo tumfute," alisema Frederick garini. "Ana mashahidi watatu."

"Nitaongea nao."

"Afande, si tayari tunaye mtu?"

"Tunaye mtu, ndiyo. Sina hakika kama tunaye mhalifu."

Wawili wa kwanza walisema yale yale, kwamba jina la Godbless lilikuwepo mchana kutwa. Wa tatu alikuwa msichana aitwaye Naisula, aliyeuza makava ya simu Levolosi. Jumanne Agnela alimkuta kibandani kwake, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kusubiri kukaribishwa, maana miguu ilikuwa imegoma.

"Aliongea nini siku hiyo?" aliuliza.

"Hakuongea, afande. Aliandika kwamba maiki yake imekufa."

"Alichezaje?"

"Ovyo kinoma. Anapiga kila kitu." Naisula alisita, akashusha sauti. "Mpaka kwao akapapiga kombora. Tangu nisikie habari za mzee wake silali. Nimejua ilikuwa ishara."

"Kwao wapi?"

"Humo kwenye gemu. Sisi kundi letu tuna utaratibu wetu. Kwa sababu kila kitu kinabomoleka, kila mtu anachagua nyumba moja inakuwa kwao. Haiguswi. Ukigusa ya mwenzako unatoka kundini. Ya kwangu iko bandarini. Ya Godbless ni kile kibanda cha bati jekundu, kilimani. Anapaita Kwa Mzee."

"Na huwa anapalinda?"

"Yaani! Siku moja adui kajificha humo, tukamwambia piga, tunashinda. Akakataa. Tukapoteza vita nzima, na hakujali."

"Na Jumapili akapapiga kombora mwenyewe. Hamkumwuliza?"

"Tuliduwaa. Halafu ikaja habari ya msiba, ungeuliza nini tena?"

Agnela alijiinua kutoka kwenye ndoo. Alishukuru, akanunua kava la simu asilolihitaji, akaenda zake. Mambo ya ishara hakuyaamini. Aliloliamini ni kwamba mkono uliopiga kile kibanda ulikuwa wa mtu asiyejua kwamba hakiguswi.

Alifika Kikwe Jumatano asubuhi, Frederick amebaki kituoni na Sironka, wakisubiri gari la mahakamani la saa tano. Msibani turubai lilikuwa limefungwa, na akina mama walikuwa wakimenya ndizi. Agnela aliomba kuongea na Godbless na dada yake ndani ya nyumba mpya. Mlangoni alijikwaa kwa mara ya tatu kwenye yale mabuti, ila safari hii aliyatazama vizuri.

Waliketi sebuleni. Makochi bado yalikuwa na nailoni za dukani, zikilia kila mtu alipojigeuza.

"Godbless," alianza, "Jumapili ulikuwa Sakina unacheza."

"Ndiyo, afande."

"Basi nisaidie jambo moja tu, niondoke, maana nimechoka na nyinyi mna msiba. Kule kwenye gemu kuna kibanda cha bati jekundu kinaitwa Kwa Mzee. Nani alikipiga kombora?"

"Mimi."

"Wewe, uliyekubali kupoteza vita kisiguswe?"

Godbless alijigeuza, nailoni ikalia.

"Sema tu, 'Nilipabomoa Kwa Mzee kwa mkono wangu.' Sema hivyo, na Sironka ataenda mahakamani saa tano."

Godbless alifungua mdomo. Alijaribu, Agnela alimwona anajaribu. Nje mtu alianza wimbo wa maombolezo, wengine wakapokea.

"Hans hakujua," alisema hatimaye, na machozi yakamtoka. "Sikumwambia kuhusu hicho kibanda. Nilimwambia anishikie gemu tu, asiongee. Sikufikiri kama atapagusa."

Irine alimgeukia kaka yake. "Unasema nini wewe?"

"Posa yako, Irine. Wakwe wanakuja mwezi ujao. Wangemkuta baba kwenye kibanda cha udongo kinachovuja, na nyumba ya matofali iko tupu nyuma yake. Nilimbembeleza mwaka mzima. Nikasema ngoja, akiwa mnadani, niiangushe tu. Akirudi hana pa kulala ila huku. Angelia siku mbili, angesamehe."

"Na kama angeuliza nani kaiangusha?" alisema Agnela.

"Angedhani Sironka. Waligombana. Nilijua wangepatana tena." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mlango ulikuwa na kufuli, afande! Nilitazama. Nisingevuta. Naapa nisingevuta. Niliondoka na pikipiki hata vumbi halijatulia, sikujua kama yumo mpaka simu ilipopigwa."

"Na Sironka alipokamatwa kwa kumuua?"

Godbless aliinamisha kichwa. Agnela alimwonea huruma, na hakutaka kumwonea huruma. Yeye mwenyewe alikuwa na mama kule Rombo aliyegoma kuhama jiko lake la zamani, na mara ngapi alikwisha kusema kwa hasira kwamba atalichoma moto. Lakini kuiangusha nyumba ni jambo moja. Kukaa kimya siku tatu mtu mwingine analala kwenye sakafu ya mahabusu ni jambo jingine, na hilo hakuna aliyemlazimisha.

"Baba hakuwahi kukosa mnada," alisema kijana. "Hata akiumwa. Alikuwa anafanya nini mle ndani?"

Agnela alilijua jibu tangu pale mlangoni. Ufunguo mfukoni mwa mzee ulionyesha kwamba mlango wa mbele aliufunga mwenyewe, akawa anapita wa nyuma. Godoro lilifungwa kamba, na vikombe vilikuwa kwenye beseni. Masikio yake yalikuwa mazito, na sauti ya trekta hata angeisikia asingeshtuka, maana lilikuwa likimlimia wiki nzima. Alimtazama Irine, maana jambo lile lilimfaa mtu wa nyumbani kulisema.

Irine aliyakwepa macho ya kaka yake.

"Alinipigia Jumamosi usiku," alisema. "Akasema kesho anahama. Akasema nisikuambie, Godi. Alitaka uje jioni umkute ameketi hapo kwenye kochi. Alipokufa nikaona nikikuambia nitakuongezea uchungu tu."

Godbless aliitazama nailoni aliyoikalia.

Agnela alitoka barazani, akapiga simu. "Frederick, zuia gari. Mwachie Sironka, na wewe mwenyewe umpeleke kwa ng'ombe zake. Usimwambie apande boda."

"Lakini faili, afande..."

"Faili nitaliandika mimi."

Alipogeuka, kijana alikuwa amefika mlangoni, tayari kwenda naye. Akasimama. Aliyaona mabuti ya baba yake juu ya gunia, safi, bila hata chembe ya tope la shamba, na Agnela alitambua kwamba kwa siku tatu zote kijana alikuwa akiyaruka bila kuyaona.

"Haya ndiyo aliyoyaleta safari ya kwanza ya kuhama?" kijana aliuliza.

"Nadhani ndiyo."

Godbless aliinama, akayachukua kwa mikono miwili. Akarudi nayo sebuleni, akayapanga vizuri mbele ya kochi kubwa, mahali ambapo miguu ya mtu aliyeketi ingefika. Kisha akatoka, akamnyooshea Agnela mikono afungwe pingu.

"Shusha mikono, mwanangu," alisema Agnela. "Twende tu."