Mfasiri wa Merikebu ya Nyota

"Hallo, Kombani? Niitie Sufyan, yule fundi wa redio. Mwambie ni Suleiman wa Msambweni."

Mkahawa mzima ulisikiliza. Hata aliyekuwa akikoroga chai aliacha. Simu ya Suleiman ilikuwa juu ya kabati la mahamri, nasi tuliizunguka kama watu wanaongoja habari ya mgonjwa.

"Sufyan? Wa aleikum salaam. Sikiliza, bwana. Jumapili saa kumi alasiri Merikebu ya Nyota inarudi kwenye televisheni. Ndiyo, wenyewe wale wale, wamekusanywa tena, wazee sasa. Watu wote wa Ramisi watakuja hapa kwangu. Tunataka uje utufasirie kama zamani."

Akasikiliza, kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Anasema ana redio nyingi za watu."

"Mwambie redio zikingoja hazifi," alisema Kavenya, mama wa Kikamba aliyekata miwa Ramisi tangu ujana wake. "Sisi ndio tunaokufa."

Suleiman akayasema vivyo hivyo. Akasikiliza tena, akanitazama na kushusha sauti.

"Anauliza kama Hadiya atakuwepo."

Hadiya ni mjukuu wangu. Alikuwa nyuma yangu na kikapu cha mihogo, na niliona vidole vyake vikikaza mshikio.

"Mwambie nitakuwepo," alisema. "Kwani yeye ni nani hata nimkimbie?"

"Atakuwepo," Suleiman aliiambia simu, na yaliyobaki akayameza. Huo ni wema, na mimi nauhesabu.

Nieleze kidogo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipokuwa bado kikifanya kazi, wafanyakazi walikuwa na ukumbi wenye televisheni moja. Kila Jumapili kulikuwa na mchezo wa watu waliosafiri kati ya nyota, na sisi tuliuita Merikebu ya Nyota. Wenyewe walisema Kiingereza, na wengi wetu hatukukijua. Sufyan, karani kijana wa mizani ya miwa, alisimama kando ya kioo na kutufasiria. Wanaume mkono wa kulia, wanawake kushoto kwenye mikeka. Tulimpenda Nahodha, tulimpenda Daktari, tulimpenda roboti aliyeitwa Bati kwa sababu alilia kama bati likigongwa. Zaidi ya wote tulimpenda Bi Rubani, mwanamke aliyeshika usukani, maana Nahodha alikuwa akimwambia maneno matamu ambayo hatukuwahi kuyasikia kwa waume zetu.

Kisha mchezo ukaisha, kiwanda kikafungwa, watu tukatawanyika. Hadiya aliolewa Vanga. Ndoa haikudumu, wakaachana kwa amani, akarudi kwangu. Sufyan hakuoa. Akiulizwa husema bado ana redio ya mtu mezani.

Jioni ile, baada ya simu, Hadiya alikuwa akimenya mihogo nami nachambua mchicha.

"Chirau anataka jibu la posa yake Jumapili hiyo hiyo," nilisema.

"Najua, Bibi."

Chirau alikuwa mfanyabiashara wa nazi, aliyefiwa na mkewe, mtu wa makamo. Mvua kubwa za Elinino zilipoangusha ua wetu, aliuinua bila kuombwa, akaenda zake bila hata kupiga hodi.

"Unamtaka?"

"Ni mtu mwema."

"Nimekuuliza jingine."

Alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu.

"Bibi, niliyemtaka aliniambia nisimngoje. Mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti kubwa, nawe ulikuwepo."

"Nani?"

"Sufyan. Unakumbuka Nahodha alimwambia Bi Rubani kwamba leso yake ya buluu imempendeza? Bi Rubani alikuwa amevaa kofia ya chuma siku ile. Mwenye leso ya buluu nilikuwa mimi."

Nikaweka mchicha chini.

"Ndiyo maana Nahodha akasema atapita kwenye mikorosho baada ya alasiri," nilisema. "Nami nilishangaa mbona huko nyotani wana mikorosho."

Hadiya alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Miaka yote ile hatukuwahi kukaa tukazungumza. Ingekuwa aibu. Yeye alisema kwa kinywa cha Nahodha, nami nikamjibu kwa kukohoa ama kwa kujitanda leso. Halafu siku ya mwisho ya mchezo akasema, 'Nenda. Usiningoje. Nakuacha huru.' Nilirudi nyumbani nikiwa huru. Vanga walipokuja kuposa, nikakubali."

"Na yeye hukumwuliza?"

"Mtu akishakuambia usimngoje, unamwuliza nini tena?"

Jumapili ilipofika, mkahawa wa Suleiman ulijaa hadi barazani. Chirau alikuwa ameleta viti kwa ajili ya wazee, akavipanga mwenyewe, akaenda kusimama nyuma kabisa. Sufyan alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Mvi zimemwingia kwenye ndevu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Chakula cha Kombani, Bibi." Kisha akageuka. "Hujambo, Hadiya."

"Sijambo. Redio hazijambo?"

"Hazijambo. Zinakusalimu."

Hadiya akaangalia pembeni, lakini niliona mdomo wake ukipambana na tabasamu.

Mara muziki ukaanza, ule ule wa zamani, na Kavenya akalia kabla hata picha haijatulia. Ndulu, aliyekuwa akichochea moto wa boila kiwandani, alikuwa akijifuta macho kwa kofia. Lakini furaha ile haikukaa peke yake. Nahodha alipotokea, watu waliguna.

"Amefanya tumbo," alisema Musyoki, naye mzee wa Ramisi.

"Na hilo lako ni la nani?" Kavenya akamwuliza.

"Mimi sisafiri nyotani."

Merikebu yenyewe walikuwa wameijenga upya, inang'aa kila mahali.

"Imekuwa kama hoteli ya Diani," Ndulu alilalamika. "Ile yetu ilikuwa na kutu, ndiyo maana nilikuwa naiamini."

"Na huyu si Bati. Bati alikuwa na sauti ya mafua."

"Jamani, kwa nini hawakuacha ilivyokuwa?"

"Nyamazeni," alisema Suleiman. "Mshukuru mmewaona hai."

Hapo ndipo wakaonyesha kiti kitupu. Nahodha akakigusa mgongo na kusema jambo taratibu. Sufyan, aliyekuwa amesimama mahali pake pa zamani kando ya kioo, alifasiri kwa sauti ndogo.

"Anasema Daktari alifariki miaka miwili iliyopita. Kiti hiki hakuna atakayekikalia leo."

"Inna lillahi," alisema Suleiman.

"Bwana amlaze pema," alisema Kavenya.

Mtu aliyekufa nchi ya mbali, asiyetujua, nasi tulimlilia kama jirani. Hakuna aliyelalamika tena habari ya merikebu.

Kisha Bi Rubani akaingia, nywele nyeupe, anatembea kwa fimbo. Tulikuwa tumeachwa bila kujua kama walioana. Nahodha alifungua mikono wakakumbatiana. Halafu kioo kikajaa picha ya zamani: mama mmoja amekaa kwenye ngazi, amepakata watoto wawili, mvulana na msichana. Nyuso zilikuwa zile zile.

Sufyan hakusema kitu.

"Fasiri," watu walimwambia.

Akajiinamia.

Mbula, binti wa Kavenya, anafanya kazi hotelini na Kiingereza anakijua. Yeye ndiye aliyesema.

"Mama, hawa ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Kumbe miaka yote ni kaka na dada."

Usiniulize kelele zilizofuata.

"Ndugu?" Musyoki alisimama. "Sufyan, sisi tuliomba ndugu waoane?"

"Mimi nilifunga na kuomba," alisema Kavenya. "Jumatano mbili, bila hata uji. Mungu atanitazama vipi?"

"Ulitudanganya, Sufyan," alisema Ndulu. Hakusema kwa hasira, alisema kwa kuumia. "Nahodha wetu ulimtoa wapi?"

Sufyan alikuwa amejiinamia.

"Nisameheni, wazee wangu. Televisheni ilipoletwa ukumbini, mchezo ulikuwa umeshaanza. Mwanzoni sikujua kama ni ndugu. Nilipojua, nilikuwa nimeshawafanya wachumba, nanyi mlikuwa mmeshafurahi."

"Ungetuambia."

"Ningewaambia nini? Nilikuwa na maneno yangu ya kusema, na hapakuwa na kinywa kingine cha kuyasemea. Niliazima cha Nahodha."

"Maneno ya kumwambia nani?"

Hadiya alikuwa ameshasimama.

"Sufyan. Na siku ya mwisho?"

"Siku ya mwisho ipi?"

"Ulisema, 'Nenda. Usiningoje. Nakuacha huru.' Hayo yalikuwa ya nani?"

Sufyan aliinua uso. Nilimwona anarudi nyuma katika miaka, anaitafuta siku ile, anaipata.

"Hadiya, siku ile mbele yangu alikaa afisa mgeni kutoka Nairobi. Alikuwa anajua Kiingereza. Niliogopa kuaibishwa, nikafasiri kila neno lilivyo. Dada alikuwa anahamia mbali, kaka yake akamwambia aende, asimngoje. Yalikuwa ya Nahodha. Katika miaka yote ile, hayo ndiyo peke yake yaliyokuwa yake."

Hadiya akakaa.

"Mimi niliyachukua nikaenda nayo Vanga," alisema.

"Wazee wangu walipokuja kuposa mwezi uliofuata, walikuta umeshaposwa. Nikasema basi, nilikuwa najiongopea mwenyewe kama ninavyowaongopea watu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Wewe mbona hukuniuliza?"

Kwenye kioo Nahodha alikuwa bado anazungumza, na Suleiman akanyoosha mkono taratibu akapunguza sauti. Kavenya akageuza kiti chake kabisa, akaipa televisheni mgongo.

"Mimi sasa natazama hii," alisema.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya Chirau.

"Jamaa zangu, mimi sikuwahi kukaa ukumbini Ramisi. Hadithi hii ni yenu, mimi nimeleta viti tu. Lakini leo kuna jibu nililokuwa nangoja, na sharti niseme."

"Chirau," Hadiya alianza, "nisikilize."

"Ngoja, dada yangu. Usijisumbue na jibu langu. Swali sikuliuliza vizuri, nalichukua nirudi nalo."

Dada yangu. Alilichagua neno lile mwenyewe, mbele ya watu wote, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba Hadiya alimkataa. Alikuja akanisalimu kwa mikono miwili, akampa Sufyan mkono pia, akatoka. Nimeishi na watu wengi, wenye elimu na wenye dini, lakini ungwana wa siku ile sijauona mara nyingi. Namwombea mpaka leo.

Tukabaki tunamtazama Sufyan.

"Haya sema," alisema Kavenya. "Na usimpitie Nahodha."

Sufyan, kwa adabu yake, alinigeukia mimi kwanza.

"Bibi, naomba ruhusa."

"Mwulize mwenye jibu," nilimwambia. "Mimi nina mchicha tu."

Akamgeukia Hadiya. Mtu aliyekuwa na maneno ya kujaza anga zima alisimama pale akimeza mate kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Nilikutaka wakati ule," alisema hatimaye. "Sikuacha."

Tulingoja aongeze. Hakuongeza.

"Ndiyo hayo tu?" Musyoki akanong'ona. "Nahodha angesema zaidi."

"Hayo yananitosha," alisema Hadiya. Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Watume wazee wako, Sufyan. Na safari hii uje nao mwenyewe, nikuone mlangoni."

Hapo ndipo Mbula akapiga kigelegele, Mkristo wa watu, akawatangulia Waislamu wote.

Mpaka leo watu wa Ramisi hawajakubaliana kuhusu onyesho lile. Ndulu anasema afadhali asingelitazama, abaki na merikebu yake yenye kutu. Musyoki anasema wazee wale wangekaa nyumbani kwao wapumzike. Kavenya anasema hao wa Kiingereza wawe ndugu huko kwao. Nahodha wake yeye ni yule wa Sufyan, na huyo alimpenda Bi Rubani.

Mimi nawashukuru waigizaji wale. Haikuwa rahisi kuja mbele ya dunia na mvi na fimbo, wakijua watu watawapima na ujana wao. Walikubali kutazamwa wakiwa wazee, na kwa kukubali kwao mjukuu wangu alirudishiwa kilichokuwa chake. Hawatajua kamwe. Wema mwingi uko hivyo, unafika mahali ambapo mwenyewe hakuutuma.

Wazee wa Sufyan walikuja Ijumaa, naye akiwa wa kwanza mlangoni. Ndoa ilifungwa mwezi wa Rajabu. Kwetu mashahidi humfuata bibi harusi nyuma ya pazia kumwuliza kama ameridhia, humwuliza mara tatu, na ada ni anyamaze kwanza kwa haya. Iddi, mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye aliyetumwa. Alikohoa, akaanza.

"Hadiya, umeridhia kuolewa na Sufyan kwa mahari..."

"Nimeridhia."

"Subiri, mwanangu, sijataja mahari."

"Nimeridhia, Babu. Rudi ukawaambie."

Nyumba nzima ilicheka, mpaka kwa wanaume huko barazani. Iddi akatoka anatikisa kichwa, nami nikamvuta Hadiya nikamfunika uso vizuri kwa ukaya wake, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka aonekane.