Simu Iliyompima Nesi

Kila akitoka shule, Chiriku anapitia kwa shangazi yake, fundi cherehani. Anafagia nyuzi, anaokota pini kwa sumaku, halafu anafanya hesabu zake palepale mezani. Wamemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Siku moja mezani kulikuwa na kitambaa cha nesi wa zahanati ya jirani, cha gauni lake la harusi. Kitambaa hicho aliachiwa na marehemu mama yake, na kingine kama hicho hakipatikani. Chaki ilishapita. Shangazi alishashika mkasi.

"Mbona kiuno kipana hivi?" akauliza. "Jana ulipompima, ulimzungushia utepe kweli?"

"Nilimpiga picha, shangazi. Alikuwa na haraka. Kuna programu kwenye simu, ukipiga picha inakupa vipimo vyote."

"Nani kaitengeneza?"

"Sijui. Lakini watu kibao wanaisifu."

"Hao watu kibao ndio watakaomrudishia nesi kitambaa chake?"

Chiriku hakukubali kushindwa. "Na huo utepe, umeutengeneza wewe?"

Shangazi akacheka mpaka miwani ikateleza. "Hapo umenipata! Sikuutengeneza. Ndiyo maana kila wiki naulaza kwenye rula ya chuma, nione kama umevutika. Haya, na simu yako tuijaribu. Simama pale."

Akampiga picha akiwa na sweta, kisha bila sweta. Simu ikatoa viuno viwili tofauti.

"Makubwa! Umekonda saa hizi hizi?"

"Si nimevua sweta, shangazi!"

"Na nesi alivaa nini?"

Chiriku akakumbuka lile koti kubwa la kazi alilokuwa amevaa nesi kwenye picha. Akachukua utepe, akatoka mbio hadi zahanati. Nesi alipomaliza kumfunga mgonjwa bandeji, akavua koti, akapimwa vizuri. Shangazi akafuta chaki, akachora upya, ndipo akakata.

Jumamosi nesi alilivaa gauni mbele ya kioo. Likamkaa. Akapapasa kitambaa huku machozi yakimlengalenga.

Alipoondoka, Chiriku akauliza, "Sasa ile programu niifute?"

"Ya nini? Itumie. Lakini kitu usichokitengeneza, kijaribu kwanza pale ambapo jibu unalijua. Kikikosea hapo, hakuna aliyeumia. Na hata kikipatia, ukifika kwenye kitu kisichorudishika, mwanangu, pima tena mwenyewe."