Na Ninyi Mje Kwetu

Makofi mawili yalipigwa jikoni, na jikoni hapakuwa na mtu. Verdiane alisimama, akasikiliza. Ikaja harufu ya mti wa mwerezi uliolowa, na mtaani kwao Mount Druitt mvua haikuwa imenyesha tangu warudi kutoka Japani.

Alikwenda na mumewe na binti yao Keza kumtembelea wifi yake, Ornella, anayesoma Kyoto. Aliwapeleka kwenye hekalu la kale la Kishinto, juu msituni. Watu waliinama mbele ya mlango uliofungwa, aliko mungu wao, wakapiga makofi mawili, wakaomba. Bibi aliyekuwa akifagia majani alimkausha Keza mikono aliyonawa kwa leso yake mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole. Wema ule ulimgusa Verdiane. Wakati wa kuondoka aliugeukia ule mlango akaaga kama wanavyoaga wageni kwao Burundi: "Asanteni kwa kutupokea. Na ninyi mje kwetu."

Sasa Keza, mtoto wa miaka minne, alikuwa anaacha nusu ya wali wake kila siku.

"Wa nani huo?"

"Wa mgeni. Si ulimwalika, mama?"

Kwizera, mumewe, alicheka. "Wewe hata mwizi ungempakulia!" Lakini mtoto alikonda, mikono yake ikawa baridi kama maji ya kisima, na Jumamosi mchana Kwizera mwenyewe ndiye aliyempigia simu Pasta Lazare.

"Toka!" alinguruma pasta alipofika. "Hapa si kwako, toka!" Makofi yakajibu chumbani, bafuni, nyuma ya kisogo chake, harufu ya mwerezi ikawakaba koo, Kwizera akapiga magoti huku akiliita jina la Yesu, na Verdiane akajikuta anaona aibu, aibu ya kufukuza mgeni aliyemwita mwenyewe, mpaka ghafla kila kitu kikanyamaza.

"Ameondoka," pasta alinong'ona.

"Keza yuko wapi?" Verdiane aliuliza.

Walimkuta barabarani, peke yake.

"Mwanangu! Ulikuwa wapi?"

"Nimemsindikiza bibi mgeni. Mmemfukuza vibaya."

"Ukamsindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka kwake, kule msituni."

Verdiane alimshika mkono, akamvuta taratibu. "Basi twende ndani, mama yangu. Twende ule."

Mtoto aliutoa mkono wake kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwafanyia watu asiowajua.

"Asante, shangazi," alisema. "Siwezi kuingia. Mama yangu ananisubiri."