Nilimpuuza Mwanangu, Tovuti Yake Nikamkabidhi Mwizi

Nina miaka arobaini na mbili, mjane, naishi Tandika. Kazi yangu ni kuwapaka maharusi hina na piko. Sitaki mnionee huruma... nisikilizeni tu!

Binti yangu Nasra, miaka kumi na minne, ndiye anayebuni maua yote ninayopaka. Mwaka jana alitaka michoro yake iwe na tovuti. Alikuwa ameshapata programu rahisi: unachagua ukurasa, unavuta picha kwa kidole, unaandika maneno, basi. Hata mie niliielewa!

Lakini nikamwita kaka yangu Shabani, mtoto wa baba mkubwa, mjuzi wa kompyuta. Aliitazama akacheka.

"Dada, hii ya kitoto. Maharusi watakudharau."

Akatutengenezea tovuti kwa programu nyingine, imejaa vitufe hata havihesabiki. Neno la siri akabaki nalo yeye. Nasra akaninong'oneza, "Mama, hii siiwezi." Nikamwambia anyamaze, mjomba wake anajua zaidi... Jamani, kwa nini sikumsikiliza?

Kubadilisha picha moja tu, tunamsubiri Shabani wiki nzima. Mwisho akaacha kupokea simu.

Siku moja bibi harusi wa Mbezi Beach akanionyesha tovuti ile ile. Michoro ya mwanangu, jina la mke wa Shabani! Nasra aliposikia, alichana daftari lake la michoro mbele yangu. Hakushika kalamu mwezi mzima.

Nilimfuata Shabani kwake Kinondoni. Akanijibu bila haya kwamba tovuti kaitengeneza yeye, na mtoto hana jina mjini. Hana jina?!

Nilirudi nikamwomba Nasra radhi. Mie, mama mtu mzima! Tukafungua programu aliyoichagua mwanzo. Neno la siri akalitunga mwenyewe. Akaweka picha za mkono wake ukichora ua jipya, hatua kwa hatua, na jina lake juu kabisa.

Maharusi walipoanza kumuulizia yeye, Shabani akanishtaki kwa wazee wa ukoo. Wakataka tuifute, kulinda undugu. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikakaa, nikasema:

"Sifuti."

Wengine hawanisemeshi mpaka leo. Basi!

Wazazi wenzangu, mtoto anayeanza mwacheni atumie anachokiweza, na ufunguo wa kazi yake akae nao mwenyewe. Msiogope ndugu kama nilivyoogopa mie.

Wengi wakisimulia mikasa hubadilisha majina. Shabani, kama unasoma hapa... lako sikulibadilisha!