Mgongo-Chuma

Sista Namkunda alibonyeza kitufe kiunoni mwake, akaingiza mikono chini ya mgonjwa, na Mzee Mapunda, pande la mtu, akainuka kitandani kama mto. Nguvu hizo zilikuwa za mgongo-chuma, uti wa vyuma vyepesi wenye mota nyongani, uliofungwa mgongoni mwa kila muuguzi wa Hospitali ya Nyota Njema. Ndani yake mlikuwa na kizima-maumivu, kidude kilichopitisha umeme mdogo kwenye neva ili nesi asisikie kiuno kikimuuma. Wakubwa walipoona hivyo, waliondoa nesi wa pili kila wodi. Wawili wa nini, na chuma kipo?

Mafundi walikuwa wamekijaribu kwa makuli wa bandarini. Lakini gunia huinuliwa wima, likatuliwa, basi. Mgonjwa hugeuzwa ubavu, akapanguswa, akageuzwa tena, na kila mara kiuno cha nesi husokoteka pale ambapo chuma hakina kiungo. Hilo halikumpitia fundi yeyote kichwani.

Namkunda alilijua juzi, alipokwenda kumjulia hali mwenzake Atupele. Atupele alikuwa ameinama nyumbani kwake kumfunga mwanawe viatu, bila chuma, akashindwa kuinuka. Daktari alisema pingili zake zilikuwa zimesagika kwa muda mrefu, kimyakimya.

Basi leo Namkunda alimlaza mzee taratibu, akazima kizima-maumivu. Uchungu ulimvaa mpaka machozi yakamtoka. Akafungua mikanda, akakibwaga chuma sakafuni.

Habari zikamfikia Metroni Sikudhani, mwanamke wa shoka, ambaye naye alivaa chuma chake na kujisifu kwamba hajui kuumwa mgongo ni nini. Akaja mbio. Alimwambia Namkunda avae upesi, maana mzee asipogeuzwa atatoka vidonda, na kama hataki kazi, mlango uko wazi.

"Sivai, Metroni. Nipe mtu wa pili, tumgeuze sasa hivi."

"Wenzako wote wanaweza. Wewe una nini?"

"Nina mgongo. Hata wewe unao. Zima chako, kisha uniambie nivae."

Metroni alicheka, akabonyeza kitufe cha kizima-maumivu. Kicheko kikakatika. Alidaka ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akapinda kiunoni, na Namkunda akamwahi kabla hajaanguka. Namkunda alikuwa amejaa hasira za kutaka kumshinda, lakini sasa alimhurumia tu.

"Pole, Metroni," alisema, akamkalisha kitini.

Metroni alihema. Mkono wake ulirudi kwenye kitufe, ukasita.

"Nimekuwa hivi tangu lini?" akauliza.

Metroni akautoa mkono kwenye kitufe, akamwita nesi mmoja kijana kutoka wodi ya pili. Binti alikuja anatabasamu, mwepesi, kiuno kimenyooka kwa chuma chake.

"Utamsaidia Sista kumgeuza mzee," Metroni alimwambia, "ila hicho ukivue. Kaa kwanza, mwanangu, ndipo ukizime."