Nishani Zenye Alama za Vidole

Kengele ya mwisho ilipogongwa, wanafunzi wa darasa la tano walitoka makundi makundi, wakisukumana na kuitana majina. Sesilia alitoka peke yake, kama kawaida. Alivuka barabara kuu kwa uangalifu, akayapita malori ya Iringa yaliyoegeshwa mbele ya mgahawa, akafika nyumbani na kuweka madaftari yake juu ya kasha.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Ugali uko jikoni, nimeufunika."

Siku nyingi mazungumzo yao yaliishia hapo.

Sesilia alikuwa amekuja Mikumi mwanzoni mwa mwaka ule wa 1975, kwa kuwa shule ya kijijini kwao, kule Munisagara, iliishia darasa la nne. Mama yake, Perpetua, alimsindikiza hadi stesheni, akampa chupa ndogo ya mafuta ya nyonyo ya kupaka nywele. "Utapata wenzako wa kukusuka," alimwambia. Miezi sita ilikuwa imepita na chupa ilikuwa bado imejaa. Jumamosi wasichana wa Mikumi walisukana mbele ya nyumba zao, mmoja amekaa chini na mwingine juu ya kigoda, na vicheko vyao vilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyemtukana Sesilia. Hakuna aliyemwita pia. Alizibana nywele zake mwenyewe kwa uzi, na tuseme ukweli, alizibana vibaya.

Baba yake mkubwa, fundi Melkizedek, naye hakuwa na watu. Alifiwa na mkewe zamani, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika karakana moja ya Dar es Salaam, ambako alijifunza kuipa alumini rangi isiyobanduka. Alirudi na ujuzi wake na betri moja ya lori, akaendelea na kazi hiyo uani kwake. Majirani walipita wakichungulia ndoo zake kwa mashaka, wakaenda zao.

Kisha mwalimu mkuu, Mwalimu Lukasi, akaja na kazi. Alitaka nishani kumi na mbili nyekundu za washindi wa michezo ya Saba Saba.

"Zikitoka vizuri, fundi," alisema, "utakuja kuwafundisha vijana wangu wa darasa la saba mara mbili kwa juma. Elimu ya kujitegemea ndiyo hiyo."

Tangu siku ile fundi Melkizedek alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Hakusema kwamba amefurahi, lakini Sesilia alimsikia akipiga mluzi, jambo ambalo hakuwahi kulisikia katika nyumba ile.

Jumamosi, siku mbili kabla ya Saba Saba, kazi ilianza mapema. Nishani zilikatwa kutoka kwenye mifuniko ya sufuria kuukuu. Sesilia alizisugua kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, kisha kwa jivu lililochekechwa na kitambaa chenye maji, hadi akauona uso wake ndani ya kila moja. Akaziosha kwa sabuni, ambayo siku hizo ilikuwa adimu. Baba mkubwa akazitumbukiza mwenyewe katika magadi makali ya kutengenezea sabuni. Hakumruhusu mtoto kuyakaribia. Zilitoka nyeusi, akazichovya kidogo katika tindikali, weusi ukaondoka, zikang'aa nyeupe. Akazisuuza mara tatu na kuzining'iniza kwenye kamba, kila moja na waya wake.

"Sasa sikiliza," alisema. "Kuanzia hapa tunashika waya tu. Kidole kina mafuta hata kama hukuyapaka. Penye mafuta, tindikali haifanyi kazi na rangi haishiki. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba mkubwa."

"Naenda gereji kuchukua betri, wameichaji. Sichelewi."

Alipoondoka, Sesilia alikaa kivulini akizilinda nishani. Ndipo mtu akapiga hodi. Alikuwa Regina, msichana wa darasa lao, mwenye mbio kuliko wote.

"Eti hapa ndipo zinapotengenezwa nishani?" Regina aliuliza. Akamtazama Sesilia kichwani. "Mbona nywele zako ziko hivyo? Nani anakusuka?"

"Hakuna."

"Basi lete kitana. Mafuta unayo?"

Sesilia aliingia ndani mbio, akaileta chupa ya mama yake. Alikaa chini, na Regina juu ya kigoda, kama walivyokaa wasichana wengine. Regina alipaka mafuta, akagawa nywele, akasuka huku akieleza habari za shule, nani kagombana na nani, mwalimu gani ni mkali wa uongo na yupi ni mkali wa kweli. Sesilia alicheka kwa sauti. Alikuwa karibu asahau kwamba anajua kucheka hivyo.

Upande mmoja wa kichwa ulipokwisha, Regina alisimama kujinyoosha. "Nionyeshe basi hizo nishani. Nataka kuona nitakayoivaa Jumatatu."

Sesilia alisita. Alitaka kusema haziguswi. Lakini alimwona Regina akiwa ameshageukia barabarani kidogo, na moyo ukamwambia kwamba akikataa, msichana huyu ataondoka na hatarudi tena. Akaitungua nishani moja kwa vidole vyake vyenye mafuta, akampa. Regina akaiweka kifuani, akajitazama, akataka nyingine, na nyingine. Walizijaribu karibu zote. Zilipopata utusitusi, Sesilia alizifuta kwa ncha ya kanga, zikang'aa kuliko mwanzo. Akazirudisha kambani, na kwa macho yake hazikuwa na kasoro yoyote.

Mara wakasikia gurudumu la mkokoteni uliobeba betri. Regina aliagana haraka na kutoka. Sesilia akajifunga kitambaa kichwani kuficha nywele zilizosukwa nusu.

"Hukuzigusa?" baba mkubwa aliuliza.

"Sikuzigusa."

Fundi akaamini. Alizitumbukiza nishani katika ndoo ya tindikali, akaunga nyaya za betri ili umeme uzipe ngozi ya kunywa rangi, akakaa kuziangalia kwa saa nzima bila kula. Kisha akazisuuza na kuzitia katika sufuria ya rangi ya ukili, ile nyekundu wanayotumia wafumaji wa mikeka.

Zilipotoka, akaziinua moja moja kwenye mwanga. Nishani tatu tu zilikuwa nyekundu safi. Tisa zilikuwa na mabaka meupe, kama ngozi yenye choa. Alizigeuza mkononi, akazisugua, akazigeuza tena.

"Tindikali imechoka," alisema mwishowe. "Au niliyechoka ni mimi. Pengine mikono imesahau."

Hakumtazama Sesilia kwa shaka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Usiku Sesilia alilala na kitambaa chake kichwani. Alijua akisema ukweli, Regina hatakanyaga tena pale. Alijua pia kwamba asiposema, baba mkubwa hatapiga mluzi tena.

Asubuhi ya Jumapili alimkuta baba mkubwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amechimba shimo na kulijaza majivu, na ndoo ya tindikali ilikuwa kando. Hakunyoa ndevu.

"Unafanya nini, baba mkubwa?"

"Naimwaga. Haifai kitu. Baadaye nitakwenda kwa Mwalimu Lukasi kumwambia atafute fundi mwingine."

Sesilia alijua jinsi tindikali ile ilivyopatikana kwa tabu, kwa kumbembeleza dereva wa lori miezi miwili. Aliokota nishani moja iliyoharibika. Pembeni, katikati ya wekundu, palikuwa na baka dogo la duara. Aliweka kidole gumba chake juu yake. Kililingana sawasawa.

"Usimwage!" alipaza sauti. "Tindikali ni nzima. Mikono yako pia ni mizima. Ni mimi."

Akafungua kitambaa kichwani. Fundi Melkizedek akaona upande mmoja uliosukwa vizuri, unaong'aa mafuta, na upande wa pili uliotimka. Sesilia akamweleza yote, kuanzia kitana hadi ncha ya kanga, huku machozi yakimtoka.

Hasira ilimpanda fundi. Alilitupa jembe chini, akatembea hadi kwenye ua na kurudi. "Nimekesha nikijiuliza kama nimezeeka!" alisema. "Nimejilaumu mimi, nimeilaumu tindikali, nimemlaumu aliyeniuzia! Kwa nini hukuniambia jana?"

"Niliogopa hatarudi. Hakuna mwingine aliyewahi kupiga hodi kwa ajili yangu."

Mzee alikaa juu ya ndoo tupu. Hasira ikamshuka taratibu.

"Nilikuwa nakiona kichwa chako kila siku," alisema. "Nikajisemea, mimi sijui kusuka, basi. Sikufikiri kumtafuta anayejua." Akasimama. "Lete msasa. Rangi hii inatoka kwa magadi. Tunaanza upya zote kumi na mbili, ziwe za rangi moja."

Walifanya kazi hadi jua lilipopita utosini. Safari hii Sesilia alishika waya tu, na mikono yake aliifunga matambara. Saa tisa alasiri nishani zote kumi na mbili zilitoka katika sufuria ya rangi zikiwa nyekundu moja, bila doa.

"Mwanangu," baba mkubwa alisema, akizipanga juu ya gazeti, "kuzigusa lilikuwa kosa dogo. Ungeniambia palepale, tungeziosha tena, na kabla ya chai tungekuwa tumemaliza. Ulipokana ndipo ulipotupotezea siku nzima, na kidogo tupoteze na ile kazi ya shule. Ukikosea, sema kungali mapema, wakati bado panasafishika. Na rafiki hapatikani kwa kumfichia mtu mwingine ukweli."

"Nisamehe, baba mkubwa."

"Nimekusamehe. Nenda kaoge."

Alipotoka kuoga hakumkuta. Alikaa kizingitini na nywele zake zilizosukwa nusu, akiyasikiliza malori. Vicheko vya wasichana vilisikika ng'ambo ya barabara, na hakutazamia lolote. Kivuli cha nyumba kilifika uani, kikapanda ukuta.

Kisha akasikia mluzi. Baba mkubwa alikuwa anakuja, na nyuma yake Regina, kichwa chini, akiwa ameshika kitana.

"Nimekwenda kuzungumza na mama yake," fundi alisema. "Amemruhusu amalizie upande wa pili. Kesho huwezi kwenda kwenye michezo na kichwa kama hicho." Akakiweka kigoda karibu na mlango, mbali kabisa na nishani zake. "Na mkimaliza, sabuni iko pale. Osheni mikono wote wawili."

Sesilia akaingia ndani kuchukua chupa. Mafuta yalikuwa yamefika nusu.